Amana ya Watoto 28: Mwaka Mmoja wa Kambi za Skauti wa Msikiti Wetu

Tangu mwezi Juni haijapita wiki bila mzazi kutusimamisha mlangoni mwa msikiti na kutuuliza habari za kambi ya Lushoto. Wapo wanaouliza kwa sababu watoto wao walirudi wakijua kupika na kufua, nao wangependa wadogo zao waandikishwe. Wapo wanaouliza kwa sababu walisikia kwamba mtoto mmoja alipotea msituni usiku, nao wana haki ya kujua ilikuwaje.

Sisi wa kamati ya msikiti tumeona kwamba majibu ya mlangoni hayatoshi. Mwaka umekwisha, kambi tano zimefanyika, na watoto wa watu si mali yetu bali ni amana. Mwenye kukabidhiwa amana hutoa hesabu yake bila kungoja kushitakiwa. Makala haya ndiyo hesabu yetu, kwa yaliyokuwa mema na kwa yale tuliyoyakosea.

Skauti ndani ya msikiti?

Wazo la kuanzisha kikosi cha skauti kwa vijana wa madrasa lililetwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, muumini wa msikiti wetu hapa jijini Tanga, ambaye mwenyewe alilelewa katika skauti tangu utotoni. Halikupokewa kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa kamati, mtu wa busara ambaye neno lake huwa zito, alileta hoja tatu. Kwanza, skauti iliasisiwa na askari wa Kiingereza, tena katika zama za ukoloni. Pili, skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto, ilhali sisi tumefundishwa kuutukuza wa kulia. Tatu, kijana atakayelala porini Ijumaa na Jumamosi atahifadhi Qur'ani saa ngapi?

Hoja hizi hazikuwa za kupuuzwa, nasi tulizijadili kwa vikao viwili. Kuhusu ya kwanza, ni kweli. Robert Baden-Powell alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1907 aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, akapiga nao kambi ya majaribio, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake. Alifariki Januari 1941 nchini Kenya, na kaburi lake liko Nyeri. Lakini mwalimu wetu alitukumbusha kwamba handaki lililoulinda mji wa Madina katika Vita vya Ahzab lilichimbwa kwa ushauri wa Salman al-Farisi, aliyeujua ujuzi huo kutoka Uajemi. Mtume (S.A.W.) hakuukataa kwa sababu ulitoka kwa watu wasiokuwa Waislamu, bali alishika chombo akachimba pamoja na Masahaba.

Tena tuliambiwa, na tukajiridhisha, kwamba chama cha skauti kikubwa kuliko vyote duniani hakipo Ulaya wala Marekani. Kipo Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko nchi nyingine yoyote; kinaitwa Gerakan Pramuka, na kilianzishwa mwaka 1961. Na waliojaaliwa kwenda Hija wamewaona kwa macho yao vijana wa skauti wa Saudi Arabia pale Mina, wakiwaongoza mahujaji waliopotea hadi kwenye mahema yao. Ahadi ya skauti yenyewe huanza na wajibu kwa Mungu, kila mmoja kwa dini yake.

Kuhusu mkono, tulikubaliana hivi: vijana wetu watatoa salamu ya Kiislamu kwa mkono wa kulia baina yao na kwa watu wote, wakikutana na skauti wa vikosi vingine watafahamishwa maana ya desturi yao ya mkono wa kushoto, na wataeleza yetu kwa adabu. Kuhusu Qur'ani, tuliweka sharti kwamba hakuna kambi isiyokuwa na ustadhi wa madrasa, na kwamba baada ya kila Alfajiri kutakuwa na darasa la kuhifadhi kabla ya uji. Mzee wetu alikubali, lakini si kwa furaha. Alisema, "Haya, jaribuni. Ila mjue mnachokichukua."

Neno hilo la mwisho hatukulipa uzito wake siku ile.

Kambi ya kwanza: uwani kwetu

Vijana 28 wa umri wa miaka 11 hadi 16 waliandikishwa mwezi Januari. Tuliwagawa katika vikundi vinne vya vijana saba saba, navyo wakavipa majina ya ndege: Kipanga, Kozi, Mwewe na Korongo. Kila kikundi kilichagua kiongozi wake. Hapa ustadhi hakuhitaji kutafuta dalili mbali, kwani Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao kuwa amiri.

Kambi ya kwanza haikwenda popote. Tulipiga mahema katika uwanja wa nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka majumbani mwao, na bado watoto wawili walirudi kwao saa tano za usiku wakilia. Hatukuwacheka. Wengi walikuwa hawajawahi kulala mbali na mama zao, na baadhi hawakuwahi kuosha sahani yao wenyewe. Asubuhi tuliona mambo mengine: kijana wa miaka 14 asiyejua kuwasha moto wa kuni kwenye mafiga, na mwingine aliyehifadhi juzuu tatu lakini asiyejua kukunja shuka. Tuliandika yote. Mtoto anayeijua dini kwa ulimi, na mikono yake haijui kazi, bado malezi yake hayajakamilika. Na lawama hiyo ilituhusu sisi wazazi na walimu kuliko ilivyomhusu yeye.

Amboni: giza na nuru

Mwezi Februari, kabla ya Ramadhani, tulikwenda kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini mwa jiji. Watoto wengi wa Tanga huyasikia mapango haya katika hadithi, kwamba njia yake hutokea Mombasa, na kwamba aliyeingia bila ruhusa hakurudi. Mwongozaji aliwaeleza kwa utulivu jinsi maji yanavyoila miamba ya chokaa kidogo kidogo kwa muda mrefu mno, na jinsi tone baada ya tone linavyojenga nguzo za mawe zinazoning'inia kutoka juu. Popo walipopita juu ya vichwa vyetu, Kipanga wote walichuchumaa kwa pamoja. Ikawa ndiyo mzaha wa mwaka mzima.

Katika sehemu moja ya mapango watu huenda kuweka sadaka na kuomba haja zao. Vijana waliona vitambaa na chupa, wakauliza. Ustadhi hakupiga kelele wala hakumtukana mtu. Aliwaomba wazime tochi zote. Katika giza lile, ambamo mtu hauoni mkono wake mwenyewe, aliwauliza: "Nani anakuona sasa hivi?" Walijibu kwa sauti moja. Akawaambia, "Basi huyo ndiye wa kuombwa." Darasa la tauhidi la mwaka mzima lisingeweza kuwaingia namna ile.

Katika Ramadhani hatukupiga kambi. Skauti walipewa kazi msikitini: kupanga viatu wakati wa tarawehe, kugawa tende na maji ya kufuturia, na kuwashika mikono wazee wenye macho dhaifu wanapovuka barabara. Kazi hizi hazina picha nzuri wala hadithi ya kusimulia, lakini ndizo zilizobadilisha fikra za waumini wengi kuhusu zile skafu shingoni.

Tongoni: mihrabu na dira

Baada ya Idi tulikwenda Tongoni, kilomita zisizofika 20 kusini mwa jiji, kwenye barabara ya Pangani. Ilikuwa masika. Mvua ilitushukia usiku wa kwanza, na mahema mawili yaliyopigwa bondeni yakajaa maji. Vikundi vya Mwewe na Korongo vilihamia kwa wenzao usiku wa manane, magodoro yakitiririka. Kwa kuwa mwalimu alikuwa amewaonya juu ya bonde lile nao hawakusikia, hakusema neno. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga hema bila kwanza kuitazama ardhi maji yanakoelekea.

Asubuhi jua lilitoka, tukayazuru magofu. Kuna mabaki ya msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka mbali. Hapa waliishi Waislamu karne tano au sita zilizopita, wakifanya biashara na kuswali. Hatukuswali magofuni wala baina ya makaburi. Tuliwatolea salamu maiti kama ilivyosuniwa, tukasimama mbele ya mihrabu.

Mwalimu akatoa dira. Aliwauliza vijana: kutoka Tanga, Makka iko upande gani? Wengi walinyoosha mkono mashariki, kwa kuwa wamezoea kusikia kwamba Waarabu wako mashariki. Dira ilipowekwa sawa na mihrabu, sindano ilionyesha karibu kaskazini kamili. Ndivyo ilivyo, kwa sababu Makka na Tanga zinakaribiana sana katika mstari wa longitudo. Anayetoka kwetu kwenda Al-Kaaba huelekea kaskazini, akipinda mashariki kidogo tu. Mafundi wale wa kale hawakuwa na dira ya kununua dukani, nao hawakukosea. Kijana mmoja wa kikundi cha Korongo, mdogo kuliko wote, mwenye miaka 11, aliuliza: "Na kama hakuna dira, wala msikiti?"

Mwalimu alimjibu kwa jambo jepesi. Jua linapozama, lipe bega lako la kushoto; uso wako utakuwa kaskazini. Na usiku wa anga safi, katika miezi ya katikati ya mwaka, zitafute zile nyota nne angavu za kusini ambazo mabaharia huziita Msalaba wa Kusini, uzipe mgongo. Vijana walicheka kwamba Muislamu aijue kibla kwa msalaba. Ustadhi naye alitabasamu, akasema jina wamelitia watu, ama nyota zimeumbwa na Mwenyezi Mungu, naye ametueleza katika Suratul An'am kwamba amezijaalia zituongoze katika giza la bara na bahari.

Tunaomba msomaji alikumbuke swali la mtoto huyo.

Lushoto: siku saba za baridi

Kambi kubwa ya mwaka ilikuwa ya likizo ya Juni, pembezoni mwa msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto. Wazazi walichangia kwa uwezo wao: huyu fedha, huyu kilo za mchele, huyu maharage, na mama mmoja muuza vitumbua alitoa unga. Hakuna mtoto aliyeachwa kwa kukosa mchango, na hakuna aliyejua nani kalipiwa na nani.

Safari ni ya zaidi ya kilomita 150. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona nyingi, na mifuko ya plastiki tuliyobeba kwa ajili ya kutapika ilitumika yote. Njiani tulikusanya na kufupisha swala. Tulipofika, vijana walitaka kuendelea kuswali rakaa mbili mbili kwa siku zote saba. Ustadhi akawafahamisha kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, ruhusa yake hukoma pale anapofika. Wakaswali nne nne, na baridi ikawafundisha maana ya kutia udhu kwa ukamilifu katika mazito. Kila alfajiri zamu ya kikundi kimoja ilikuwa kuamka kabla ya wenzake na kupasha maji.

Yalikuwa maisha ya kupendeza. Watoto wa pwani, waliozoea joto na bahari, waliona ukungu ukipita kati ya mahema, wakaona mbega weusi wenye manyoya meupe wakiruka juu ya miti mikubwa. Wenyeji walituletea mapeasi na kabichi, nao vijana wetu wakawasaidia kubeba kuni. Walijifunza mafundo ya kamba, huduma ya kwanza, na namna ya kubeba mgonjwa kwa vijiti viwili na mashati. Na jioni ya siku ya kwanza walifundishwa kanuni za aliyepotea: simama ulipo, usizunguke, kaa mahali pakavu na ujifunike, piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena, ukiitwa, jibu. Kila mtoto alivishwa filimbi shingoni.

Sahani moja

Siku ya nne mchana tulikwenda msituni na mwongozaji, vikundi vyote vinne. Wakati wa kuondoka tulihesabu vijana 28. Wakati wa kurudi, yapata saa kumi na mbili jioni, hatukuhesabu. Tuliwauliza viongozi wa vikundi, "Wote wapo?" nao wakajibu, "Wapo." Kiongozi wa Korongo alidhani kijana wake mdogo alikuwa na Kipanga, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameazimwa huko kwa zamu ya jikoni. Kiongozi wa Kipanga alidhani amesharudi kwa Korongo. Hawa ni watoto wa miaka 15. Kosa halikuwa lao. Lilikuwa la watu wazima watano waliokuwepo, nasi tunaoandika haya tukiwa mmoja wao.

Tuliswali Magharibi kwa jamaa. Tulisawazisha safu, bega kwa bega, na hatukuona pengo. Tukaswali Ishaa. Ilipokaribia saa mbili usiku, chakula kikagawiwa, na ikabaki sahani moja ya wali na maharage isiyokuwa na mwenyewe.

Hatuwezi kueleza kwa maneno jinsi sahani ile ilivyotazamwa.

Mwalimu, mwongozaji na wenyeji wawili waliingia msituni na tochi. Wengine tulibaki na watoto, tukawakalisha wote mahali pamoja, mara hii tukiwahesabu kila baada ya dakika chache: 27, 27, 27. Ustadhi aliwasomesha dua. Mmoja wa vijana wasaidizi, kwa hofu, alimtumia ujumbe rafiki yake aliyeko Tanga akimwomba atuombee. Sisi wenyewe tulikuwa na namba ya simu ya baba wa mtoto mfukoni, na hatukumpigia. Tulijiambia kwamba hakuna haja ya kumtia mtu hofu akiwa mbali, tungoje tupate habari ya uhakika. Tulijiona tuna huruma. Leo tunaona kwamba tulikuwa tunajihurumia nafsi zetu.

Ilipobaki kama dakika ishirini kufika saa nne, filimbi ilisikika: mara tatu, kimya, mara tatu. Walimkuta ameketi penye shina la mti mkubwa, mita chache nje ya njia, amejifunika kikoi na skafu yake ameizungusha masikioni. Alikuwa amesimama kumtazama kinyonga mwenye pembe, wenzake wakapinda kona. Alipoona hawaoni, alikwenda hatua kadhaa, kisha akakumbuka kanuni, akakaa. Alikaa peke yake kwa saa kadhaa. Alipiga filimbi tangu mwanzo, lakini tulikuwa tumeshafika mbali tukiimba kasida.

Ustadhi alimuuliza kama ameswali. Akasema ndiyo, Magharibi ameswali kwa kutayamamu kwa vumbi, kwa sababu hakuwa na maji wala hakuthubutu kuutafuta mto. Na kibla? "Jua nililipa bega la kushoto, Ustadhi." Ishaa alikuwa bado, alisema alitaka kungoja kidogo, huenda tungekuja tukaswali pamoja.

Simu ya baba

Kabla hatujamaliza kumpa uji wa moto, simu yetu iliita. Alikuwa baba yake, mvuvi, mtu asiyependa maneno mengi. Ule ujumbe wa dua ulikuwa umezunguka mtaani, ukamfikia kupitia kwa jirani. Tulimwambia, Alhamdulillah, kijana yupo salama, huyu hapa, zungumza naye. Alizungumza naye kitambo. Kisha akatutaka tena, akasema: "Ustadhi, mwanangu kupotea ni kadari. Lakini mimi kuyasikia kwa jirani, hilo mmelifanya nyinyi."

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Tuliimaliza kambi. Siku tatu zilizobaki tulihesabu asubuhi, adhuhuri, kabla ya kila swala na kabla ya kulala. Tuliporudi Tanga tulikwenda kwake, sisi na mwenyekiti wa kamati, kumtaka radhi. Alitupokea, akatupa kahawa, akasema ametusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini mtoto hatarudi kambini.

Ijumaa iliyofuata tuliitisha kikao cha wazazi baada ya swala. Tulieleza yote kama tulivyoeleza hapa. Baadhi walitaka kikosi kivunjwe. Hoja yao ilikuwa ya haki: kama watu wazima watano hawawezi kuhesabu hadi 28, kwa nini wapewe watoto? Wengine walisema ajali ni ajali, na mtoto amepatikana, basi yaishe. Hoja hii, ijapokuwa ilitutetea, hatukuipenda. Mtoto hakupatikana kwa sababu ya umahiri wetu.

Mzee wetu aliyepinga tangu mwanzo aliombwa aseme. Tulidhani atatukumbusha maonyo yake. Alinyamaza kidogo, kisha akageuka kwa baba wa mtoto, akamuuliza yeye anaonaje. Yule baba alisimama na kusema maneno machache ambayo tumeyaandika katika daftari la kumbukumbu za kamati: "Mwanangu mlimfundisha vizuri. Yeye alifanya kila mlichomwambia. Nyinyi ndio hamkufanya."

Yale tuliyoyabadilisha

Kikao hakikuvunja kikosi. Kilitupa masharti, nasi tunayataja hadharani ili kila mzazi, wa msikiti wetu na wa misikiti mingine yenye nia kama yetu, aweze kutubana kwayo.

Kuhesabu ni kwa macho na kwa jina, si kwa kuuliza. Mtu mzima mmoja katika kila safari hana kazi nyingine ila hiyo, na daftari halitoki mkononi mwake.

Kila mtoto ana mwenzake wa kudumu. Wawili hao hawaachani njiani, wala kwa kinyonga wala kwa haja ndogo.

Mtu mzima mmoja hutembea nyuma ya wote, na hakuna kuimba wakati wa kurudi msituni, ili filimbi isikike.

Likitokea jambo, mzazi wa mtoto huambiwa kwanza, na huambiwa na kiongozi wa kambi mwenyewe, ndani ya dakika kumi, hata kama hatuna cha kumwambia ila kwamba tunatafuta. Hakuna ujumbe mwingine utakaotumwa kabla ya huo, hata wa kuomba dua.

Mambo haya si mapya. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bwana wa ngamia kumfunga kwanza kisha kutawakali. Tumelisoma hilo chuoni, tumelisomesha madrasa, tumelitolea hotuba. Tulimfundisha mtoto wa miaka 11, naye akamfunga ngamia wake kwa filimbi na kikoi. Sisi tulitawakali tu.

Desemba

Katika mikutano ya miezi iliyofuata mama wengi walitukumbusha jambo jingine: mabinti zao nao wana mikono inayohitaji kazi, na usiku wenye nyota ni wao pia. Wana haki. Walimu wawili wa kike wa madrasa wamekubali kupata mafunzo, na inshaallah mwakani wasichana watakuwa na kikosi chao, viongozi wao na kambi zao, kuanzia pale pale tulipoanzia wenzao, uwani kwa msikiti.

Kambi ya tano tuliifanya mwezi huu wa Desemba, siku mbili, tena Tongoni. Wiki moja kabla ya safari baba wa kijana wetu alikuja ofisini. Alisema mtoto hampi usingizi, anataka kwenda. Akasema atamruhusu kwa sharti moja, kwamba aende naye. Tulimwambia sharti hilo si zito, na tukamuuliza kama angekubali kupewa kazi.

Basi alishika daftari. Ni mtu aliyezoea bahari, na katika chombo nahodha huwajua watu wake hata gizani. Alihesabu tukipanda basi, tukishuka, kabla ya kula na baada ya kula. Vijana walianza kunung'unika kuwa hawawezi kwenda chooni bila kuitwa jina. Usiku wa mwisho, safu za Ishaa zilipokuwa zimesawazishwa na imamu amekwisha inua mikono nusu, alimwomba angoje. Alipita nyuma ya safu taratibu, akinong'ona majina, mpaka wa mwisho, ambaye alikuwa mwanawe. Kisha akasema, "28. Tuswali."

Uandikishaji wa mwaka ujao utafanyika Jumamosi ya kwanza ya Januari baada ya swala ya Adhuhuri, katika ofisi ya msikiti. Mzazi aje mwenyewe, asimtume mtoto peke yake, na aje na namba ya simu isiyozimwa usiku. Anayeweza kujitolea siku zake mbili kwa mwaka kutembea nyuma ya watoto au kushika daftari, tunamhitaji kuliko tunavyohitaji mchango wake wa fedha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasamehe waliopewa amana wakaghafilika, na awalinde watoto wetu katika safari na katika makazi. Amin.